SOMO: Mtoto wa kuasili keshaingia ndani, sasa mnaanzaje kuishi naye?

Haya jamani, somo nililoahidi tangu mwezi uliopita ndo hili, mtoto kalala mapema leo ngoja niandike harakaharaka, makosa ya herufi mnisamehe.

Naongelea mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Huyu anatembea, ana maneno yake mawili matatu, "sitaki" anaijua vizuri sana, ila hana uwezo wa kukuuliza we ni nani na yule aliyekuwa ananiogesha yuko wapi. Watu watakwambia "bado mdogo huyo, atasahau". Hasahau bana. Hana maneno ya kusimulia tu, lakini mwili wake unakumbuka kila kitu.

Wetu alikuja ana miezi 22. Siku tatu za mwanzo hakulia hata mara moja, anakula, anaoga, ukimlaza analala, tukawa tunapiga simu kwa ndugu tunajisifu, "yaani katulia utadhani kazaliwa humu". Usiku wa nne naamka saa tisa kwenda chooni, nikapitisha mwanga wa simu kwenye kitanda chake, namkuta kakaa. Macho makavu, mikono kaibana katikati ya mapaja, anaangalia ukuta. Sijui alikaa hivyo tangu saa ngapi. Hakuita mtu maana hajui kama ukiita kuna mtu anakuja. Nilikaa chini pale pale nikalia mimi.

Kwa hiyo lishikeni hili kabla ya hatua zenyewe, ukimya wa mtoto mgeni siyo utulivu. Miezi ya mwanzo kazi yenu ni hiyo tu, ajue kwamba akiita anakuja mtu, na ni yuleyule wa jana. Mengine yote yanafuata hapo.

HATUA YA 1: Kabla hajaja, uliza maswali ya kijinga

Alikotoka watakupa karatasi za mahakama na kadi ya kliniki, sawa, chukua. Ila muulize yule mlezi anayemlaza kila siku: analala chali au kifudifudi, taa inazimwa au inaachwa, wanamwitaje kwa mkato, nani akimwimbia ananyamaza na anamwimbia nini, sabuni gani, anakunywa kwa kikombe au chupa. Omba na blanketi au nguo aliyokuwa analalia, na naomba sana USIIFUE. Najua inanuka. Harufu hiyo ndo kitu pekee anachokifahamu katika nyumba yenu nzima. Mimi mama mkwe aliifua siku ya pili kwa nia njema kabisa, hatukugombana ila nilinuna wiki.

Na msimbadilishie kila kitu kwa mpigo. Wiki ya kwanza ale kilekile alichozoea hata kama we unaona hakina lishe, anyoe baadaye, nguo mpya baadaye.

HATUA YA 2: Punguza mikono

Hapa ndo pagumu kuliko kote kwa sababu siyo mtoto anayesumbua, ni ndugu. Kila mtu anataka kumbeba, na wana haki ya kufurahi. Lakini mtoto aliyelelewa kwa zamu, asubuhi huyu jioni yule, keshajifunza kwamba watu wazima wote ni sawasawa. Anahitaji kujifunza upya kwamba kuna watu wawili ambao ni wake. Kwa hiyo kumlisha, kumwogesha, kumbadilisha nepi, kumbembeleza akianguka, ni nyinyi wazazi tu. Sisi tulienda hivyo kama miezi mitatu hivi. Wageni wakija waoshe vyombo, wafue, wapike, wakae wacheke naye kwa mbali, ila akigonga kichwa mezani mgeni hambembelezi, anamleta kwako.

Mtoto anayemkimbilia kila mgeni na kumkalia mapajani msimsifie "mchangamfu". Hiyo mara nyingi ni dalili kwamba bado hajui wake ni nani.

Tena wasikutishe kwamba keshachelewa. Kule Bucharest, Romania, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti akina Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya kulelea watoto, nusu yao wakachaguliwa kwa bahati nasibu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea. Waliopata familia waliwashinda waliobaki, kuanzia akili mpaka kushikamana na mlezi, na waliowahi kabla ya miaka miwili kwa ujumla ndo walifaidika zaidi. Mnasikia? Familia inatibu. Inachukua muda tu.

HATUA YA 3: Ratiba ya kuchosha

Iwe inachosha kweli. Saa siyo muhimu sana, muhimu ni mfuatano. Kula, kuoga, kupaka mafuta, wimbo, kulala, kila siku hivyohivyo mpaka we mwenyewe uchoke. Na uwe unasema unachofanya, sasa tunavua soksi, sasa maji, maji ya uvuguvugu haya, sasa taulo. Hasa kama alikotoka walikuwa wanaongea lugha nyingine, atashika sauti na mpangilio kabla ya maneno. Safari, sherehe, kumpeleka kanisani au msikitini kumwonyesha watu, yote hayo yasubiri.

Kuoga kunaweza kuwa kasheshe. Wetu alikuwa anapiga kelele akiona beseni, tukaacha beseni, tukamfuta kwa kitambaa wiki mbili nzima huku anachezea kikombe chenye maji kidogo sakafuni, siku moja akaingia beseni mwenyewe na nguo zake. Hakuna aliyekufa kwa kutoogeshwa vizuri wiki mbili.

HATUA YA 4: Chakula

Utakuta mkate chini ya mto. Au anajaza mdomo mpaka mashavu yanavimba na hamezi, analala nacho. Siyo ulafi wala tabia mbaya, ni mtu ambaye hana uhakika wa mlo ujao. Usimnyang'anye, usimcheke mbele za watu. Sisi tulimwekea kibakuli chake kwenye meza fupi, kina vipande laini vya kitu anachopenda, anakifikia mwenyewe muda wowote akiwa macho na sisi tupo, kikiisha kinajazwa mbele ya macho yake. Mwezi mzima alikuwa anapita kukiangalia tu, hali, anahakikisha kipo, anaendelea kucheza.

Mezani kanuni ni hii: mzazi anaamua ale nini, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale au asile na kiasi gani. Kumlazimisha hapana, kumkatia "umeshiba wewe" hapana. Ila anayejaza mdomo kaa naye karibu, mpe vipande vidogo, na umwangalie mdomoni kabla ya kumlaza, kupaliwa ni hatari kweli.

HATUA YA 5: Usiku

Chumba kimoja. Wale wa "mwache alie atazoea" sikatai inawezekana kwa wengine, lakini huyu alishaachwa akazoea, ndo maana anakaa anaangalia ukuta. We unataka AANZE kulia usiku. Akianza, shangilia moyoni halafu amka.

Tuliweka godoro lake pembeni ya kitanda chetu, mkono wangu mgongoni kwake mpaka alale. Baada ya wiki kadhaa mkono ukawa pembeni yake tu, halafu nikawa nimekaa tu, halafu nimekaa mbali kidogo. Ukimwona kaamka na hajakuita nenda hivyohivyo, mwambie "nipo", mguse, basi, hakuna kuwasha taa wala kuanza michezo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliandika kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 mpaka 14 za kulala kwa siku, na usingizi wa mchana umo humo. Miezi ya mwanzo wetu hakufika hata 9, nikawa nahesabu kila siku najipa presha bure.

HATUA YA 6: Dhoruba

Ikifika wiki ya pili, ya tatu, au mwezi wa tatu, yule malaika anaisha. Anajitupa chini, anakung'ata, anakupiga kofi. Hapo anaanza kukuamini bana, mtu hamdekei mgeni. Kumchapa usithubutu, na ile ya kumfungia chumbani peke yake "akafikirie" kwa huyu siyo adhabu, ni kumrudishia alichokikimbia. Kaa naye chini, zuia mkono unaopiga, sema kidogo, subiri. Sheria ziwe chache, moto, barabara, kung'ata, hizo haziyumbi. Kumwaga maji siyo kesi.

Daktari kwa kifupi: mpelekeni mapema hata kama karatasi zinasema mzima. Chanjo zihakikiwe, apimwe wingi wa damu, minyoo, macho, na MASIKIO. Kuna watoto wameitwa wakaidi mwaka mzima kumbe hawasikii.

Na wewe mzazi. Unaweza usimpende mwezi wa kwanza, unamhurumia, unamhudumia, ila ndani unajiuliza "nimefanya nini". Kuna sonona ya wazazi wa kuasili kama ilivyo ya waliojifungua, wala siyo kukosa shukrani. Ikipita wiki mbili unalia, hulali hata akilala, huoni mbele, katafute msaada wa kitaalamu, usisubiri aibu iishe.

Maswali sasa.

Mama Subira: Dada asante kwa somo. Wa kwangu ana miezi 19, mimi hanitaki kabisa, anamtaka baba tu, nikimshika anajinyonga mgongo. Nimeasili nikaona nitakuwa mama kumbe nimekuwa dada wa kazi 😭

Pole mama. Hicho kinauma hasa na usikichukulie poa. Wengi huchagua mmoja kwanza, na mara nyingi anayekataliwa ni yule anayefanana na aliyempoteza, kama alilelewa na wanawake basi mama ndo anakataliwa. Baba asijitoe ghafla, ila awe anakurushia mambo matamu, chupa ya jioni uitoe wewe baba akiwa kakaa hapohapo. Usilazimishe kumkumbatia, kaa sakafuni cheza na vitu vyake bila kumwangalia sana. Atakuja na kisigino kwanza, ataegemeza mguu. Usishtuke, endelea kupanga makopo.

Baba Mpya: Likizo yangu wiki tatu tu na mke wangu nne. Tufanyeje, tukae njaa?

Hamna haja ya njaa kaka. Pishaneni, mmoja akirudi kazini mwingine abaki. Msaidizi awe MMOJA, aanze kuja nyie mkiwepo. Fanyeni mazoezi ya kuondoka, dakika tano, kumi, nusu saa, muage kila mara kwa neno lilelile na mrudi kwa neno lilelile. Msitoroke kwa mlango wa nyuma akiwa anacheza. Atalia ukimuaga ndio, lakini ukitoroka ataanza kukulinda mpaka chooni.

Kimya Kingi: Jina tubadilishe?

Maoni yangu, muongezee, usimfutie. Ndo kitu alichokuja nacho. Kama kuna sababu ya kiusalama hiyo ni habari nyingine.

Shangazi wa Wote: Mdogo wangu, mnamwambia lini kwamba si wa kuzaa? Mi naona mpaka apate akili.

Shangazi shikamoo, hapa tunapishana. Mwambieni sasa hivi, hajui hata maana yake, we unamwogesha unamwambia "siku tuliyokuja kukuchukua ulikuwa umevaa soksi moja". Ukizoea kusema akiwa na miaka miwili mdomo hautakuwa mzito akiwa na saba, na hatakuja kuambiwa na jirani. Atakapokuwa mkubwa hatakumbuka siku aliyoambiwa, atakuwa anajua tu.

Mlezi Mstaafu: Nimefanya kazi kituoni miaka mingi. Naomba niseme, siyo kwamba hatuwajali wakilia. Usiku mtu mmoja una watoto 12, ukimnyanyua huyu yule anaamka. Nilikuwa nawajua wote kwa pumzi. Mkija kuwachukua hamtuulizi kitu, mnasaini mnaondoka.

Mama shikamoo, na nisamehe nilivyoliandika lile la ukuta. Wa kwetu mlezi wake alimwimbia wimbo wake kwenye simu yangu, karekodi sekunde 40 tu, sauti imechoka, nyuma kuna mtoto anakohoa. Tunaupiga mpaka leo.

Tumaini Jipya: Sasa huyo wako wa ukuta siku hizi yukoje?

Ana miaka mitatu na kidogo. Jana usiku kaniita mara nne. Ya kwanza maji, ya pili blanketi limeanguka, ya tatu nimesahau. Ya nne nimefika pale nimechoka hoi, namuuliza nini tena, ananionyesha kidole. Hakina kitu. Alitaka nikione tu.