King'amuzi kimezima: fuata umeme kutoka ukutani hadi kwenye chipu kubwa

Wiki iliyopita mama mmoja, jirani yetu hapa Tandika, aliingia kibandani na king'amuzi amekifunga kwenye kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kimezima tangu juzi umeme ulivyokatika na kurudi. Nimeambiwa bodi imekufa, ninunue kingine."

Nilikichomeka mbele yake. Taa nyekundu ikawaka, ikafifia, ikawaka tena, na kwa ndani ukasikika mlio mdogo: tik, tik, tik. Nikamwambia akiache, aje jioni.

Kauli ya "bodi imekufa" inaniuma, maana imewatoa watu wengi pesa bila sababu. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nyumba isiyo na king'amuzi, au TV yenye king'amuzi cha ndani, haioni hata taarifa ya habari kwa antena. Bodi haifi yote kwa mpigo. Kinachokufa ni kipande kimoja, na mara nyingi bei yake haifiki sahani ya chipsi kavu. Kazi ya fundi ni kukitafuta kipande hicho kwa mpangilio: anza pale umeme unapoingia, upime, songa mbele, upime tena. Unapofika mahali ambapo volti zinakosekana, umefika kwenye ugonjwa.

Vya kuandaa mezani

Bisibisi ya nyota, mita ya dijitali, pasi ya kulehemu ya wati 40, risasi, kifyonza risasi, mswaki wa zamani na spiriti. Ongeza balbu ya waya ya wati 60, ile ya kizamani inayotoa joto, siyo ya LED. Ifunge kwenye holda, kisha iunge kwenye waya mmoja wa umeme ili umeme wote wa king'amuzi upite kwanza kwenye balbu. King'amuzi kizima kitaifanya balbu imulike kidogo halafu ififie. Kilichopiga shoti kitaiwasha kwa nguvu na iendelee hivyohivyo, lakini hakitalipuka mikononi mwako. Mimi siwashi bodi yoyote niliyoifungua bila balbu hiyo, na kijana yeyote ninayemfundisha anaanza kwa kuitengeneza.

Hatua ya 1: Fungua na uondoe chaji

Chomoa ukutani kwanza, kisha ndiyo ufungue skrubu. Angalia kama king'amuzi chako kinaingiza umeme wa ukutani moja kwa moja au kinatumia adapta ya volti 12. Cha adapta ni rahisi: pima adapta yenyewe, na ikiwa nzima ruka hadi hatua ya 4.

Cha kuingiza umeme moja kwa moja kina kapasita, yaani kopo dogo linalohifadhi umeme, moja nene iliyoandikwa volti 400. Umeme wetu ni wa volti 230, lakini ukishapita kwenye daiodi, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na kujaa kwenye kapasita hiyo unafika kama volti 325 za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja. Unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya, hasa pale sehemu ya umeme ilipoharibika na hakuna kinachoutumia. Chukua rezista ya kiloomu 10 ya wati 5, ishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, gusisha miguu miwili ya kapasita kwa sekunde 5, kisha hakikisha kwa mita. Usitumie bisibisi. Cheche yake inaweza kuharibu vipande vilivyokuwa vizima.

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kupima

Igeuze bodi kwenye mwanga wa jua. Nuka. Kipande kilichoungua kina harufu yake, ukishaizoea huipotezi.

Hapa Dar kuna mambo ambayo vitabu vya mafundi havina nafasi nayo. Mende wanapenda joto la king'amuzi, na uchafu wao ukichanganyika na unyevu wa masika unapitisha umeme. Mjusi akiingia kwenye matundu ya pembeni na kulala juu ya sehemu ya umeme, unamkuta amekauka kati ya miguu ya transifoma. Ving'amuzi vya nyumba za karibu na bahari, Kigamboni na kwingineko, huja na kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu na kwenye soketi ya dishi. Piga mswaki wenye spiriti, kausha vizuri, ujaribu kwa balbu. Vingine hupona hapo hapo.

Tazama vichwa vya kapasita. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa kama sarafu. Kilichopanda juu, hata kwa kiasi cha unene wa ukucha, hicho ni mgonjwa.

Hatua ya 3: Sehemu ya umeme

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote, na nakuomba nawe ukae.

Utaona bodi imegawanyika pande mbili, na mara nyingi kuna mstari usio na shaba, au hata ufa uliokatwa makusudi, unaopita chini ya transifoma. Upande mmoja ni wa hatari: fyuzi, daiodi nne, kapasita ya volti 400 na chipu ndogo inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Upande wa pili ni wa volti ndogo. Juu ya mpaka huo kuna kipande cheusi cha miguu minne, mara nyingi kimeandikwa 817. Hicho hupeleka habari kwa mwanga: upande wa volti ndogo unauambia upande wa hatari "zimetosha" au "ongeza" bila waya kugusana.

Kumbuka jambo hili kila unaposhika mita. Ukipima upande wa hatari, waya mweusi wa mita uwe kwenye hasi ya kapasita nene. Ukipima upande wa pili, uwe kwenye bati la tyuna, yaani sehemu inayopokea waya wa dishi au antena. Ukichanganya, namba utakazosoma hazina maana yoyote, na utabadilisha vipande vizima.

Anza na fyuzi. Ikiwa imekatika, usiibadilishe ukafurahi. Fyuzi hukatwa na kitu. Weka mita kwenye alama ya daiodi, upime zile nne moja moja: upande mmoja zisome kama 0.5 hadi 0.6, upande mwingine zisisome. Ikisoma sifuri pande zote, itoe mguu mmoja upime tena nje ya bodi. Kisha pima miguu ya kapasita nene. Ikipiga kelele ya shoti mfululizo, mshukiwa wa kwanza ni ile chipu inayokata umeme. Na tafadhali, usiweke unyuzi wa waya mahali pa fyuzi. Nimepokea bodi ambayo mtu alifanya hivyo, na njia za shaba zilikuwa zimebanduka kama gamba la samaki.

Ikiwa fyuzi ni nzima, washa kwa kupitia balbu, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Kapasita nene isome karibu na volti 325. Ikisoma sawa, nenda upande wa pili kwenye kapasita ndogo zilizo jirani na transifoma, zile za mikrofaradi 470 au 1000. Volti ambazo zimeandikwa kwenye bodi, mara nyingi 5 au 12, ndizo unazozitafuta.

Kwenye king'amuzi cha yule mama, mahali pa volti 5 mita ilikuwa inacheza: 2.1, 3.8, 2.4. Mlio wa tik tik maana yake ni hii: sehemu ya umeme inajaribu kuamka, inaona mambo hayako sawa, inazima, inajaribu tena. Kuna sababu mbili kubwa. Ama mbele kuna shoti, ama kapasita zimekauka. Nilizima, nikaondoa chaji, nikapima ukinzani kwenye njia ya volti 5. Hakukuwa na shoti. Nikaangalia kwa karibu kapasita ya mikrofaradi 1000 ya volti 10: ule msalaba wa kichwani ulikuwa umefunguka upande mmoja, na chembe ya kahawia ilikuwa imekauka juu yake kama gundi.

Kubadilisha: mikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe zilezile au zaidi, joto liandikwe nyuzi 105 siyo 85, na ukifika dukani Kariakoo sema unataka ya kwenye sehemu ya umeme, siyo ya redio. Nilimwekea ya volti 16. Mstari wa pembeni ya kapasita ni hasi. Kabla hujaitoa ya zamani, piga picha kwa simu ili usibahatishe upande. Ukiona moja imevimba, badilisha na jirani yake wa karibu, kwa sababu wamepikwa kwenye joto moja. Kapasita inaweza pia kuwa imekufa huku kichwa kikiwa bapa, na mita ya kawaida haitakuambia, hivyo kuiweka mpya ni kipimo chenyewe.

Hatua ya 4: Volti ndogo zaidi

Kutoka kwenye 5 au 12, bodi hujitengenezea volti nyingine: 3.3 kwa vipande vingi, 1.5 kwa kumbukumbu za DDR3 au 1.8 kwa za DDR2, na karibu 1.1 kwa moyo wa chipu kubwa. Kila moja ina chipu ndogo na koili yake, ile nyeusi ya mraba yenye maandishi kama 4R7, maana yake mikrohenri 4.7. Pima upande wa koili unaotoka.

Onyo kwa anayeanza: njia ya volti 1.1 ikipimwa ukinzani inaweza kusoma omu chache tu huku king'amuzi ni kizima. Usiseme shoti. Chipu kubwa ndivyo ilivyo.

Hatua ya 5: Chipu kubwa na jirani zake

Volti zote zipo lakini kwenye kioo cha mbele kuna vistari tu, au neno moja lisilobadilika? Chini ya bati la kupooza ndipo ilipo chipu kubwa inayofungua picha na sauti. Karibu yake kuna kipande cha fedha kinachong'aa, mara nyingi kimeandikwa 27.000. Ni fuwele inayotoa mapigo ya megahezi 27. Jirani kuna chipu ya miguu minane, tuseme 25Q32 au 25Q64: ya kwanza ina megabaiti 4, ya pili 8. Humo ndimo ilimo programu ya king'amuzi.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, programu hiyo huharibika. Jaribu kwanza kuirudisha kwa flashi ya USB, kwa faili la modeli hiyohiyo. Ukilazimika kutumia kifaa cha kuandikia chipu, fahamu kwamba ile bodi nyeusi ya CH341A inayouzwa kwa wingi huweza kupeleka volti 5 kwenye njia za data wakati chipu inataka 3.3. Na kabla ya kuandika chochote, soma kilichomo ukihifadhi mara mbili, ulinganishe. Namba ya king'amuzi na funguo zake huwa humo. Usimwekee mteja nakala kutoka king'amuzi cha mtu mwingine, kifurushi chake hakitafunguka, na si haki kwa mwenye namba hiyo.

Hatua ya 6: Tyuna, yaani "hakuna mawimbi"

King'amuzi cha dishi hupeleka umeme juu kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, kwa waya uleule unaoleta picha: volti 13 kwa chaneli za wima, 18 kwa za mlalo, na mlio wa kilohezi 22 kwa bendi ya juu. Toa waya, weka king'amuzi kwenye chaneli, upime katikati ya soketi na bati lake. Volti zikiwepo, tatizo liko nje. Kata mwisho wa waya, uuangalie vizuri: unyuzi mmoja wa ile suka ya nje ukigusa shaba ya katikati unatosha kuzima dishi zima. Kwa king'amuzi cha antena yenye kikuza mawimbi, tafuta kwenye menyu sehemu ya kuwasha volti 5 za antena. Wengi hawajui kwamba ipo.

Umewahi kugusa bati la king'amuzi ukahisi linakuwasha kidole? Ile kapasita ya bluu iliyo juu ya mpaka huvujisha umeme mdogo sana. Mtu haumizwi, lakini ukichomeka waya wa HDMI au wa dishi vyote vikiwa vimewashwa, cheche hiyo ndogo inaweza kuua soketi ya HDMI. Chomoa TV na king'amuzi ukutani, unga waya zote, ndipo uwashe.

Rimoti isipofanya kazi, ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze. Ukiona mwanga, rimoti ni nzima, kagua kile kijicho cha miguu mitatu mbele ya king'amuzi.

Hatua ya 7: Funga, kisha ukiache kifanye kazi

Usimrudishie mteja king'amuzi ulichokijaribu kwa dakika tano. Kifunge skrubu zote, kwa sababu joto la ndani ya boksi lililofungwa si sawa na la bodi iliyo wazi, halafu kiache kwa saa mbili. Mwambie mteja asikiweke juu ya dekoda nyingine wala kukifunika kitambaa. Kapasita ikipungukiwa nyuzi 10 za joto, umri wake huongezeka karibu mara mbili.

Cha mama nilikiwasha saa kumi na moja jioni. Volti 5 zilisimama kwenye 5.08 bila kucheza. Alirudi saa mbili kasorobo na kitenge chake mkononi, akakikuta kinaonyesha. Akaketi kwenye benchi, akasema atatazama kwanza taarifa ya habari ndipo akibebe.