Kabla ya kuvuka kwenda kuhubiri visiwani: mambo ya kuzingatia Ziwa Victoria

Anayejiandaa kwenda kutumika Ukara, Irugwa, Kome, Maisome au kwenye vile visiwa vidogo vyenye kambi za wavuvi tu, kwa kawaida huanza kwa kuuliza nauli na mahali pa kulala. Aanze na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikishika, taa haiwavuti tena, mitumbwi inapandishwa ufukweni, na wavuvi wengi huenda nyumbani au huhamia mwalo mwingine, yaani ufuko mwingine wanakoshushia samaki. Mkutano wa siku tano uliopangwa kwa kalenda ya ofisi ya kanisa mjini unaweza kukuta vichanja vitupu na vibanda vimefungwa.

Wakati wa giza watu wapo, ila ratiba yao si ya mjini. Asubuhi wavuvi wamelala na akina mama wanaanika dagaa, na mvua ikionyesha dalili hakuna atakayeacha mzigo wake uloe kwa ajili ya mahubiri. Saa inayofaa ni 9 hadi 11 jioni, kabla mitumbwi haijaingia majini. Siku mbili tatu za kwanza za mbalamwezi zinafaa kwa kutembelea watu vibandani, kwa sababu hawana haraka. Lakini ndizo siku za mgao: fedha imetoka, pombe ipo, na ugomvi wa hesabu kati ya matajiri wa mitumbwi na vibarua wao huibuka. Usiwe mwamuzi wa ugomvi huo. Mwaka 1877 wamisionari wawili wa CMS, shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe baada ya kunaswa katika ugomvi kati ya mtawala Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Anayemhifadhi mtu anayedaiwa nyavu anaweza kufunga mlango wa kambi nzima bila kujua.

Beba barua ya utambulisho ya kanisa lako, nakala tatu: ya mtendaji wa kijiji, ya mwenyekiti wa kitongoji na ya viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), maana hao wa mwisho ndio wanaojua nani ameingia mwaloni na nani ametoka. Uliza pia ni makanisa gani yapo tayari. Kuweka mkutano Jumamosi asubuhi palipo na Wasabato ni kuwakosea ndugu bila sababu.

Kuvuka kunahitaji uangalifu kuliko yote. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 walikufa. Basi uamuzi wa kushuka chombo kilichojaa ufanywe mapema, kabla hujalipia mizigo, kwa sababu ukishalipa ni vigumu kujinyima safari. Muda mzuri wa kuvuka ni saa 1 hadi saa 4 asubuhi, anga likishaonekana vizuri: dhoruba za ziwani hujikusanya usiku na huweza kuendelea hadi alfajiri, na mchana upepo huongezeka. Nunua jaketi lako la kujiokolea, usitegemee la chombo. Livae, funga mikanda yote, kisha mtu alivute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno au halijafungwa sawasawa.

Kama huduma inakodi mtumbwi wa injini, ulizeni kuhusu mafuta. Injini ya uwiano wa 50 kwa 1 inataka mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Oili ikipungua pistoni hukwama, ikizidi plagi huloa na injini huzima katikati ya maji. Muwe na plagi mbili za akiba, pini ya pangaboi, makasia mawili na ndoo ya kukumbia maji. Magugumaji yakijisokota kwenye pangaboi, zimeni injini kwanza ndipo myatoe.

Sasa ubatizo, jambo ambalo watumishi wengi hawalifikirii kiafya. Kichocho kimeenea sana mwambao huu, na vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi alasiri. Kwa hiyo batizeni mapema asubuhi, mahali pasipo na matete wala magugu, na muwaulize wenyeji kuhusu mamba na viboko. Hatari bado ipo. Aliyesimama majini kubatiza watu 20 apange kumeza prazikwanteli wiki 6 hadi 8 baadaye, kwa sababu dawa hiyo haiui minyoo michanga. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili: mwenye kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula. Maji ya kunywa yachemshwe, au kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, kisha subiri dakika 30. Maji ya kuoga yakikaa siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, vijidudu vya kichocho huwa vimekufa. Chandarua chenye dawa ni lazima. Beba na vipimo vya malaria, maana homa si malaria kila mara.

Ugumu unaowavunja wengi moyo ni mwingine: kusanyiko linahama. Watu 30 waliosali giza hili, giza lijalo huenda wamebaki 9. Anayepima kazi yake kwa mabati na matofali ataona ameshindwa, wakati wale 21 wako Goziba au Maisome na imani yao. Andika jina, simu na kijiji cha kila mmoja. Uongozi wa kikundi mpe mtu asiyehama, mara nyingi mama mwenye duka au mama lishe. Biblia ya sauti kwenye kadi ya simu husikilizwa usiku mtumbwini, taa zikiwaka na nyavu zikisubiri, na hapo mtu ana muda mrefu wa kutafakari kuliko mahali pengine popote. Furaha ya kazi hii huja pale unapofika kisiwa usichowahi kukanyaga ukakuta watu wanaomba, na anayewaongoza ni kibarua uliyemfundisha kusoma kambi nyingine.

Hivyo bajeti ya safari ya kwanza iwe na nauli ya safari tatu, fedha taslimu mkononi kwa sababu wakala wa fedha za simu wa kisiwani huishiwa, na tarehe ya kurudi ihesabiwe kwa giza. Waambie watu wa kambi tarehe hiyo ya kurudi kwao kabla hujaondoka mwaloni, kisha uifuate.