SOMO: Kulinganisha bei za dawa za cheti, za hapa Marekani na za kuagiza Kanada

Wakuu habari zenu. Somo hili nina deni nalo tangu mama mkwe alipokuja kututembelea na vidonge vya presha vya miezi miwili halafu akakaa minne. Bima hana. Duka la dawa la karibu na kwangu wakanitajia bei ya amlodipine ya mwezi mmoja nikadhani wamekosea, kumbe wala. Usiku huo nikaanza kupekua maduka ya Kanada mtandaoni maana ndio wimbo wa kila mtu, dawa Kanada bei chee. Nilichokuja kugundua ni kwamba kidonge kile kile kilikuwepo hapa hapa kwa hela ndogo kuliko posta ya kukileta toka Kanada, nilikuwa tu nimeuliza duka moja.

Hatua ya 1. Chukua kopo la dawa usome jina lenyewe la dawa (sio la biashara), miligramu, na kama ni ya kawaida au ile ya kuyeyuka taratibu, hizo zina ER au XR mwishoni. Majina tuliyokua nayo nyumbani mengi huku hayapo. Salbutamol ya pumu wao wanaita albuterol, glibenclamide ya sukari ni glyburide. Jina la biashara ndio linaweza kukuua kabisa: Flomax ya Marekani ni dawa ya tezi dume, Flomax ya Italia ni ya maumivu na uvimbe. Ukiagiza kwa jina la kwenye boksi utaletewa kitu kingine na utakinywa.

Hatua ya 2. Jua kama dawa yako ni jeneriki (dawa ile ile ila kampuni yoyote inaruhusiwa kuitengeneza, haina jina kubwa) au bado ni ya kampuni moja yenye hati miliki, ndio wanaita brandi. Hapa ndipo pesa ilipo wakuu. Dawa zinazoumiza watu kwa bei Marekani ni za brandi. Jeneriki za hapa kwa ujumla ni rahisi kuliko za nchi nyingi tajiri, na vyeti kama 9 kati ya 10 hapa vinatoka jeneriki. Kwa hiyo metformin ya sukari, lisinopril na amlodipine za presha, atorvastatin ya kolesteroli, usijisumbue na Kanada. Ila mtu anayetumia kitu kama Eliquis ya kuzuia damu kuganda, huyo ana sababu ya kuangalia nje, maana Kanada kuna bodi ya serikali inayochunguza bei za dawa zenye hati miliki tangu 1987, na hiyo dawa kule jeneriki yake ipo tayari, hapa wanaambiwa wasubiri mpaka 2028.

Hatua ya 3. Maliza bei za hapa kwanza, na uulize bei ya KESH hata kama una bima, kuna wakati ni ndogo kuliko unachochangia mfukoni ukichukua dawa kwa bima. Tangu 2018 sheria imekataza mikataba ya kumziba mdomo mfamasia asikwambie hilo, ila usipouliza mara nyingi anakaa kimya tu. Ingia tovuti ya GoodRx uone kuponi za maduka ya mtaani kwako, halafu Cost Plus Drugs, duka la mtandaoni la yule tajiri Mark Cuban, hawa wanaweka bei waliyonunulia, wanaongeza 15%, halafu ada ya mfamasia na posta. Walmart nao wana orodha yao ya dawa za dola 4 tangu 2006. Andika zote kwenye karatasi.

Hatua ya 4. Sasa ndio uende nje. Duka lisilodai cheti cha daktari, toka mbio. Lisilo na anuani wala mfamasia wa kuongea naye, toka. Bendera yenye jani jekundu haina maana yoyote, 2005 FDA (mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani) walikagua mizigo iliyokuwa inauzwa kama ya Kanada, 85% ilikuwa imetoka nchi nyingine. Dawa iliyosajiliwa Kanada ina namba ya DIN, tarakimu 8, ipekue kwenye tovuti ya Health Canada, wizara yao ya afya.

Hatua ya 5. Gawa kwa kidonge. Tuseme hapa vidonge 30 ni dola 12, nje vidonge 90 ni dola 27. Unaona nje 0.30 na hapa 0.40, unafurahi. Ongeza posta dola 15, inakuwa 42, gawa kwa 90 ni karibu 0.47. Umeliwa, na bado utasubiri wiki kadhaa.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Houston: Mkuu hii ya kuagiza nje ni halali kweli?
Jibu: Kwa sheria, mara nyingi hapana. Kwa mazoea FDA huwa hawahangaiki na mtu mmoja anayejiletea dozi isiyozidi miezi mitatu, lakini mzigo ukizuiliwa umezuiliwa, usitegemee wa kukurudishia. Na dawa za usingizi, za maumivu makali na jamii hizo usithubutu kabisa.

Mdau wa Minneapolis: Mzee wangu yuko Medicare, insulini nimtafutie Kanada?
Jibu: Hapana dada, Medicare (bima ya serikali ya wazee) tangu 2023 insulini iliyo kwenye mpango wake wa dawa haizidi dola 35 kwa mwezi. Kama bado anakatwa zaidi wapigie hao wa mpango wake leo. Kingine, hela unayonunulia nje ya bima haihesabiwi kwenye kile kiwango chake cha mwaka cha hela ya kulipa mfukoni, hilo watu wanalisahau sana.

Mdau wa Columbus: Si bora mama aje tu na dawa zake toka Dar, za miezi yote?
Jibu: Ndio bora, asizidishe miezi mitatu, ziwe kwenye maboksi yake na barua ya daktari yenye jina la dawa kwa Kiingereza. Mama mkwe wangu alimwaga zote pamoja kwenye kopo la Blue Band. Pale uwanja wa ndege tulisimama karibu saa nzima yule ofisa anachambua kidonge kimoja kimoja na mama anamwelekeza kwa Kiswahili, hiki cha asubuhi, hiki cha jioni.