Oksijeni iwe ya mwisho
Vijana wa Kisumu mnaosawazisha milinganyo ya uchomaji, anzeni na kaboni, kisha hidrojeni. Oksijeni iacheni mwisho, maana O₂ imesimama peke yake. Ukibadilisha idadi yake huvurugi elementi nyingine. Chukueni ethanoli, ile inayotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa:

C₂H₅OH + 3O₂ → 2CO₂ + 3H₂O

Wengi hukwama hapa na kuandika 3.5 mbele ya O₂, kwa kusahau kwamba ethanoli yenyewe tayari ina atomu moja ya oksijeni. Kulia zipo saba; ondoa hiyo moja, zabaki sita, yaani molekuli tatu. Na tafadhali msiguse namba ndogo za chini: H₂O ikigeuzwa H₂O₂ si maji tena, ni hidrojeni peroksaidi.