Helikopta ya kutalii ukiwa likizo: cheki haya kabla hujalipa

Swali ambalo kila mtu anauliza ni "hivi zile helikopta za kuzungusha watalii ni salama?" na majibu anayopewa ni ndio au hapana, sasa yote mawili hayamsaidii kitu. Helikopta ile ile na rubani yule yule, asubuhi anga ikiwa nyeupe ni matembezi mazuri tu, mchana mawingu yakishuka mlimani ni habari nyingine kabisa. Kwahiyo usihangaike sana kupima chombo, pima kampuni na pima siku. Na kikubwa unachotafuta ni hiki: pale kuna mtu mwenye ubavu wa kusema "leo haturuki" wakati watu wameshalipa, wameshavaa jaketi na wanapiga selfi?

Nasema hivyo kwasababu ukifuatilia ajali za hizi safari, nyingi hazikuanza na injini kuzima. Tarehe 26 Desemba 2019 kisiwa cha Kauai kule Hawaii helikopta ya watalii iligonga mlima wakafa wote 7, na NTSB, wale wachunguzi wa ajali wa Marekani, wakasema tatizo ni rubani kuamua kuendelea mbele wakati hali ya hewa ishaharibika na haoni vizuri. Mwezi mmoja baadae ndo ikaja ile ya Kobe Bryant, yule staa wa kikapu wa Marekani, ile haikuwa ya utalii lakini ni hadithi ile ile, ukungu, rubani akajaribu kupanda juu kupenya wingu, akapoteza mwelekeo, wakafa watu 9. Ukiwa ndani ya wingu huoni chini wala mbele, sikio linakudanganya, unahisi umenyooka kumbe umelala upande na unashuka, na hili linawapata hata wenye uzoefu. Alafu karibu safari zote za utalii zinarushwa kwa macho, yaani rubani anatakiwa aone ardhi muda wote, kwahiyo wingu likishuka hakuna mjadala, ni kurudi au kutua.

Sasa hapo hatua ya kwanza unaifanya hata kabla hujachagua kampuni: weka hiyo safari siku za mwanzo mwanzo za likizo, usiiweke siku ya mwisho. Ukiiweka siku ya mwisho unajibana mwenyewe na unambana na rubani, maana kila mtu anajua hamna kesho. Ukiwa na siku tatu mbele wakiahirisha unasema sawa, naja kesho. Kama ni sehemu ya milima chukua za asubuhi, mara nyingi jua likishapanda joto linaleta mawingu na upepo wa kurusharusha.

Hatua ya pili piga simu au watumie meseji, uliza swali moja tu la kizushi: "hali ya hewa ikiwa mbaya mnafanyaje?" Kampuni nzuri itakujibu bila kufikiria, tunaahirisha, tunakupangia siku nyingine au tunarudisha hela, na mara nyingi watakwambia pia kwamba wanaweza kugeuza njiani. Kampuni ya kukimbia itakwambia "usijali, rubani wetu mzoefu sana anaruka hali yoyote". Hilo jibu wao wanadhani wanakutuliza, wewe likuogopeshe. Soma na masharti ya kurudishiwa hela, kuna wanaorudisha ukiahirisha wewe saa 24 kabla lakini wao wakiahirisha hawasemi kitu, au wakigeuza njiani hurudishiwi hata senti. Hela ikikaa hivyo ujue kila mtu pale ana sababu ya kutaka mruke.

Alafu vibali. Hapa watu wanaona uvivu lakini ni dakika kumi tu. Uliza nani hasa anarusha hiyo helikopta, sio nani anauza tiketi. Dawati la hoteli, tovuti ya kubuki, jamaa wa mapokezi, hao wanalipwa kamisheni na wengine hawajui hata jina la mwenye chombo. Ukishapata jina la anayerusha ingia tovuti ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo uone kama ana cheti cha kubeba abiria kwa biashara, wenyewe wanakiita AOC. Na usiishie kwenye "tuna leseni", uliza leseni ya nini, maana ngazi zinatofautiana. Marekani kwa mfano safari ya utalii inayoondoka na kurudi pale pale bila kwenda zaidi ya maili 25, kama kilomita 40 hivi, inaweza kurushwa kwa kanuni nyepesi wanazoita Part 91, wakati wengine wanarusha chini ya Part 135 ambayo ni kali zaidi kwenye mafunzo na ukaguzi. Ukiwa huko uliza tu "mnaruka kwa Part ipi?" wakibabaika umeshapata jibu.

Ngoja niwape ile ya New York maana ina kila kitu ndani. Tarehe 11 Machi 2018 helikopta iliondoka na rubani na abiria 5, milango imetolewa ili watu wapige picha miguu ikiwa nje. Abiria walivalishwa mikanda ya ziada kama ya wapanda miamba, imefungwa kwa nyuma kwenye chombo kwa kamba. Kamba ya mmoja ikanasa kishikio cha kukata mafuta kilichopo sakafuni, injini ikazima, rubani akashusha chombo mpaka kwenye maji ya East River. Kule kutua kwenyewe walikuwa hai. Lakini maboya ya dharura hayakujaa sawasawa, chombo kikapinduka, rubani aliyevaa mkanda wa kawaida akajifungua akatoka, abiria wote 5 wakafa maji wakiwa wamening'inia kwenye ile mikanda. Walipewa visu vya kukatia kamba, sasa wewe jaribu kufikiria unatafuta kisu kichwa chini ndani ya maji ya baridi. Na safari yenyewe kwenye makaratasi ilihesabiwa ya kupiga picha, sio ya utalii, ndo maana ikakwepa masharti.

Kwahiyo msimamo wangu kwa safari za milango wazi: kama siwezi kujifungua mwenyewe kwa mkono mmoja, sipandi, picha itapigwa kwenye kioo na itakuwa na mng'ao, basi.

Kuhusu chombo chenyewe sitakaa sana. Watu wanaogopa ya injini moja, na kweli mbili ni bora hasa juu ya maji au juu ya mji, ila helikopta nyingi za watalii ni injini moja na hiyo peke yake sio ya kukimbia. Injini ikizima helikopta haidondoki kama jiwe, rubani anashusha chombo huku yale mapanga yanaendelea kuzungushwa na upepo wa kushuka, anatua nayo. Inahitaji kimo au mwendo, ndo maana kusimama hewani chini chini juu ya maporomoko ili watu wapige video ndo pabaya, ukipatwa pale rubani hana cha kufanyia kazi. Kwahiyo usimwombe rubani ashuke zaidi au akae zaidi. Na akianza mwenyewe mbwembwe za kulaza chombo ili mpige kelele, kampuni hiyo umeshaijua.

Kitu cha kuuliza kwenye chombo ni tangi la mafuta. Tarehe 10 Februari 2018 kule Grand Canyon ilianguka moja yenye watu 7, wakafa 5, na moto ulikuwa sehemu kubwa ya msiba. Kuna matangi yaliyotengenezwa yasipasuke kirahisi chombo kikigonga, na Marekani toka Aprili 2020 helikopta mpya zinazotengenezwa lazima ziwe nayo, lakini za zamani bado zipo nyingi angani na zinaweza kuwekewa tangi hilo, ni mwenye chombo aamue kutoa hela. Uliza hivi hivi, "helikopta yenu ina tangi la kuhimili ajali?" Kampuni iliyotoa hizo hela itakwambia kwa furaha kabisa.

Kama njia inapita juu ya maji uliza na maboya ya dharura. Na kama ni sehemu inayoruka vyombo vingi, uliza kama wana kifaa cha kuonyesha ndege zilizo karibu. Gold Coast Australia tarehe 2 Januari 2023 helikopta mbili za kampuni moja ziligongana, moja inapaa nyingine inakuja kutua, watu 4 wakafa, na uchunguzi ulikuta antena ya redio ya moja ilikuwa na hitilafu. Ukiona chombo kingine kinakuja sema kwenye hedifoni, usidhani rubani kashakiona.

Siku yenyewe ukifika, angalia kama wanawapima uzito kwenye mzani. Wakikuuliza tu kwa mdomo na kuandika, na kila mtu anajua watu wanavyojipunguzia kilo, hapo hesabu ya uzito ni ya kubahatisha, na hesabu hiyo ndo inaamua kama chombo kitapaa vizuri, hasa sehemu za joto na za juu ambako hewa ni nyepesi na helikopta inapungukiwa nguvu. Ukipimwa na kupangiwa kiti usigombanie dirisha, wanasawazisha chombo.

Maelekezo ya usalama ndo mtihani mzuri kuliko maoni yote ya nyota tano. Wakiwawekea video alafu mfanyakazi anachati, mwite, mwambie akuonyeshe mkanda. Ufunge na kuufungua mwenyewe mara kadhaa bila kuangalia. Gusa kitasa cha mlango ujue kinaenda juu au chini. Lile jaketi la kujiokoa linalofungwa kiunoni usilijaze upepo ukiwa ndani, helikopta nzito ni juu, injini na gia zote ziko kichwani kwako, kwahiyo ikiingia majini inapinduka fasta, na ukiwa umejaa upepo unabanwa juu kwenye sakafu iliyokuwa chini na mlango huufikii. Kinachofanyika: shika kitu kilicho karibu na mlango, subiri mwendo utulie, fungua mlango, alafu ndo ufungue mkanda huku ule mkono mwingine haujaachia, utoke, ndo uvute kamba ya kujaza. Wasipokwambia hayo na mnaenda juu ya bahari, shuka.

Kupanda na kushuka mapanga yakizunguka ni mbele tu, rubani akikuona na amekupa ishara. Nyuma kwenye mkia usiende hata kufuata kofia, ile panga ndogo ikizunguka haionekani. Kama mmetua kwenye mteremko toka upande wa chini, upande wa juu mapanga yanakuwa karibu na kichwa. Skafu, kofia, fimbo ya selfi, acha kwenye gari. Mtoto mshike mkono, usimwachie atangulie.

Vitu viwili watu wa likizo wanasahau. Kama ulipiga mbizi na mtungi, miongozo ya DAN, lile shirika la usalama wa wapiga mbizi, inataka usubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 kama umepiga kadhaa au siku mfululizo, na helikopta inayopanda mlimani inahesabika, usibuki mbizi asubuhi na helikopta mchana. Alafu bima ya safari, nyingi zinakulipa ukiwa abiria uliyelipa nauli kwenye chombo chenye kibali cha biashara, ukiruka na rafiki wa rafiki mwenye helikopta yake au milango ikiwa wazi unaweza kukuta bima haikuhusu. Soma sehemu ya yasiyolipwa, ipo huko mwisho kwa maandishi madogo.

Watu wengi pia wanauliza saa za rubani. Uliza, hamna shida, ila swali zuri zaidi ni amerusha njia hii na aina hii ya helikopta kwa muda gani. Mwenye saa elfu kadhaa za tambarare aliyeletwa jana kwenye mabonde ya upepo, mimi namuona mgeni tu.

Na mkishafunga mikanda, kabla hajawasha, mwambie rubani kwa sauti wenzio wote wasikie: kaka, ukiona hali haieleweki geuza tu, sisi hatuna neno na hatutadai hela. Kama kuna mwenzenu atanuna ni bora anune mkiwa chini.