Maji ya paa ni ya kunywa, ya kisima yafue nguo

Huku Nakuru, mtu akicheka ukaona meno ya kahawia, huulizi kama anapiga mswaki. Unajua tu alikulia maji ya kisima. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi, madini yanayotia meno rangi hiyo, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, floridi inabaki, tena imekolea. Maji ya mvua hayana balaa hilo. Kwa hiyo tangi la paa liwekee kunywa na kupikia, hasa kama kuna watoto ambao meno ya ukubwani hayajaota. Kufua na kudeki, chota kisimani.

Na usidharau paa dogo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 6, mvua ikinyesha milimita 20, ni lita 960. Hata sehemu ya tano ikipotea, umepata zaidi ya 750 kwa jioni moja, mradi gata hazijaziba kwa majani ya mgrivea.

Wengi hukosea kwenye mvua ya kwanza. Mabati yamekaa kiangazi kizima na vumbi na mavi ya ndege, na yote hayo huteremka kwa dakika chache. Kabla gata haijafika tangini, simamisha bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 3, lililozibwa chini kwa kizibo cha kufungua. Hubeba lita kama 24. Likijaa, maji safi ndiyo yanayopita kwenda tangini. Langu nililifungua Machi, yakatoka maji rangi ya chai ya maziwa, na unyoya juu. Lifungue kila mvua ikikatika, la sivyo ni pambo.

Tangi lifunikwe, kila tundu liwe na wavu wa mbu, maji yatoke kwa mfereji, si kwa kuchovya ndoo. Lioshe kabla ya mvua ndefu. Ya kunywa yachemshe au yatie klorini kwa kipimo cha pakiti, usubiri nusu saa. Ya paa la nyasi peleka bustanini.

Yanayofurika yaelekeze migombani, mbali na msingi wa tangi. Udongo wetu ni mwepesi, na tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Nimeona moja limeinama kama mlevi ukutani, limechimbwa na maji yake lenyewe.