Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua au Kuuza Roland Juno-106

Roland Juno-106, kinanda cha kielektroniki kinachounda sauti (sinthesaiza), ilitoka mwaka 1984, kwa hiyo hata ile iliyotunzwa vizuri imeshapita miaka 40. Bado inatafutwa kwa sababu ya sauti yake nene na korasi yake (athari inayofanya sauti isikike pana, kama ya vinanda kadhaa), na pia kwa sababu ina MIDI, njia ya kuunganisha vinanda na kompyuta, ambayo ndugu yake wa 1982, Juno-60, hana. Wauzaji wengi hupandisha bei kwa kuangalia umbo: bodi haina mikwaruzo, vifuniko vya slaida (vidhibiti vya kusukuma juu na chini) vimetimia, funguo ni nyeupe. Hayo ni mapambo. Bei ya kweli iko kwenye chipu sita zilizo ndani, na asiyezipima anacheza bahati nasibu.

Chipu hizo zimeandikwa 80017A. Kinanda kina voisi sita, yaani kinaweza kutoa noti sita kwa pamoja, na kila voisi ina chipu yake yenye filta (sehemu inayochuja sauti) na kidhibiti cha ukubwa wa sauti. Kiwandani zilifunikwa kwa utomvu mgumu, na utomvu huo ndio mzizi wa tatizo: ukizeeka huanza kupitisha umeme kidogo pasipotakiwa. Voisi inaweza kunyamaza, kusikika kwa mbali, kukoroma bila funguo kuguswa, au kukwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Ikifa moja, usiamini kwamba tano zilizobaki ni nzima. Zina umri uleule na zimefunikwa kwa utomvu uleule.

Kuzipima hakuhitaji fundi. Zima kinanda, shikilia kitufe cha KEY TRANSPOSE, kisha washa huku umekishikilia. Hapo kinaingia kwenye hali ya majaribio, na kila ukibonyeza funguo, kioo kidogo kinaonyesha namba ya voisi inayolia. Bonyeza funguo moja taratibu, pitia 1 hadi 6, rudia mara kadhaa. Sikiliza kwa hedifoni, si kwa spika ya simu, kwa sababu mkwaruzo mdogo hupotea hewani. Kama voisi mbili jirani, tuseme 3 na 4, zimekosa sauti kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza si 80017A bali MC5534A, chipu ya kuunda mawimbi, yaani sauti ghafi kabla haijapita kwenye filta. Ziko tatu, na kila moja inahudumia voisi mbili.

Kuna kipimo kingine ambacho muuzaji asiyejua hawezi kukificha. Rudisha kinanda kwenye hali ya kawaida, POLY 1, ambamo voisi hupokezana noti. Zima mawimbi yote mawili, shusha slaida za SUB (sauti nzito ya chini) na NOISE (sauti ya mvumo) hadi sifuri, zima korasi, kisha pandisha slaida ya RES (mwitikio wa filta) hadi mwisho na uweke FREQ (masafa ya filta) katikati. Filta yenyewe itaanza kupiga mluzi. Bonyeza funguo ileile mara sita au zaidi: mluzi unatakiwa kuwa uleule kila mara. Ukipishana kidogo, kinanda kinahitaji kurekebishwa na fundi mwenye kitabu cha huduma, na hiyo ni kazi ya kawaida. Voisi moja ikiwa mbali kabisa na wenzake, au haipigi mluzi hata kidogo, hesabu chipu mpya kwenye bei.

Fanya vipimo hivi mara mbili: kinanda kikiwa baridi, na tena baada ya nusu saa kikiwa kimewaka. Chipu inayokufa huwa na tabia ya kuonekana nzima mwanzoni na kuharibika ikishapata joto, au kinyume chake. Ukinunua kwa mbali, omba video moja isiyokatwa inayoanza kabla ya kinanda kuwashwa. Muuzaji anayesema hana muda wa kurekodi dakika kumi, ilhali anataka ulipe yote kwa M-Pesa leo, mwache na kinanda chake.

Uliza pia kama chipu zimeshaguswa. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuzitoa, kuziloweka kwenye asetoni siku kadhaa hadi utomvu ulainike, kuubandua, na kuzirudisha. Ni rahisi, na mara nyingi chipu hufufuka, ingawa si zote. Ya pili ni kuweka chipu mpya zinazotengenezwa siku hizi kuiga zile za zamani, na sisi tunaiona bora kwa anayetaka kupiga jukwaani bila wasiwasi. Njia yoyote itakayotumika, omba picha ya ubao wa saketi ulio ndani. Kutoa chipu yenye miguu mingi kwa chuma cha kulehemu kilichozidi joto hung'oa njia za shaba, na ubao uliong'olewa njia ni mbaya kuliko ubao ambao haujaguswa. Ukiona chipu zimekaa kwenye soketi, fundi aliyefanya kazi hiyo alifikiria kesho.

Funguo zisizolia, au zinazolia kwa kubonyezwa kwa nguvu, ni jambo dogo. Mara nyingi ni vumbi kwenye mipira ya mguso iliyo chini yake, na husafishwa kwa alkoholi ya isopropili. Slaida zinazokwaruza zinahitaji dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Usipulize WD-40: inaacha mafuta yanayokusanya vumbi. Mvumo wa korasi unapoiwasha ni wa kawaida, usiutumie kuomba punguzo. Na ukikuta sauti haibadiliki kwa nguvu ya kidole, kinanda hakijaharibika. Juno-106 haijawahi kuwa na uwezo huo.

Kumbukumbu ina nafasi 128, na inashikiliwa na betri bapa ya lithiamu iliyo ndani. Ikiisha, sauti zilizohifadhiwa hupotea au kuvurugika kila ukizima. Kubadilisha betri ni rahisi, lakini ukiitoa kumbukumbu inafutika, kwa hiyo hifadhi kwanza kupitia tundu la kaseti au MIDI. Zile za kiwandani zinaweza kurudishwa kwa kupiga faili la sauti kutoka kwenye simu kuingia tundu lilelile la kaseti.

Umeme ndio unaoua vinanda vingi siku ya kwanza. Juno-106 zilitengenezwa kwa volti tofauti kulingana na soko, na za Japani ni za volti 100. Ukichomeka ya Japani moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, bahati nzuri ni fyuzi kukatika; bahati mbaya ni transfoma kuungua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Utahitaji transfoma ya kushusha hadi 100, na wati 100 zinatosha sana. Zilizojaa madukani hushusha hadi 110, na umeme wa mtaani ukipanda nazo hupanda, kinanda kikachemka bila sababu.

Kwa anayeuza, kazi ni ileile ila mapema. Pima voisi zote, rekodi video yenye namba ya utambulisho ya kinanda, na uandike wazi kilichobadilishwa na kisichobadilishwa. Kusema "voisi ya 5 ina mkwaruzo kikipata joto" kunapunguza bei kidogo. Mnunuzi akiligundua mwenyewe, anarudisha kinanda na gharama za usafiri ni zako. Ukikaa Tanga, Mombasa au Unguja, fungua uangalie kutu kwenye matundu ya nyaya kabla ya kupiga picha, maana hewa ya chumvi haisamehi chuma.

Kufunga kwa safari: boksi mbili, moja ndani ya nyingine, na sponji ngumu ya sentimita 5 kila upande. Slaida huvunjika zikigandamizwa, hivyo weka fremu ya kadibodi inayozizunguka ili uzito ubebwe na kingo za bodi. Usijaze boksi kwa magazeti. Yakishasinyaa njiani, kinanda chenye kilo zipatazo 10 kinaanza kutembea humo ndani.

Mwenye kutafuta sauti ya aina hiyo bila hofu ya utomvu aangalie Juno-60; filta zake zimo kwenye chipu za kawaida. Korg Polysix ya 1981 nayo ni nzuri, ila ina betri ya nikeli-kadmiamu kwenye ubao ulioandikwa KLM-367, na betri hiyo huvuja na kula shaba. Omba picha ya ubao huo kwanza. Kama betri ya asili bado ipo na kuna unga wa kijani kuizunguka, usilipe chochote hadi fundi aukague.